Nyaya tatu za Masasi

Simu ikilia saa kumi na moja alfajiri, watu wengine huuliza nani kafa. Sisi tunaotunza kompyuta za watu tunauliza ipi imekufa. Ilikuwa Oktoba, msimu wa korosho ndiyo kwanza umefunguliwa, na aliyepiga alikuwa mlinzi wa ghala la chama kimoja cha msingi huko Masasi. Ni mzee ambaye chama kizima kinamwita Babu, nami nikafuata mkumbo.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba mjukuu. Mashine yako inaandika Kizungu."

"Kizungu gani, Babu?"

Akanisomea. Babu anakisoma Kiingereza kama kilivyoandikwa, silabi kwa silabi, bila kukionea haya. "Kanoti openi akisesi to konsole," alianza, nikisikia anasogeza tochi, "the ro-oti akaunti isi loke-di."

"Roti?"

"Ro-oti. Zipo O mbili."

Anayeijua Linux, mfumo unaoendesha mashine hii, hapo ameshacheka na ameshasikitika. Kwa wengine nieleze. Mashine ilikuwa imewaka nusu, ikagoma, ikataka mtu mwenye mamlaka ya juu kabisa, yaani huyo ro-oti, aingie kwa neno la siri aitengeneze. Ila mimi nilipoweka Debian, aina mojawapo ya Linux, miezi minane nyuma niliacha neno la siri la root wazi, kwa sababu nilifundishwa kwamba ndiyo usalama: ukiliacha wazi, akaunti hiyo inafungwa na unatumia sudo, amri inayokuazima mamlaka hayo. Kwa hiyo mlango wa dharura ulikuwepo, umefungwa, na ufunguo wake haukuwahi kuchongwa. Babu akibonyeza Enter, mashine inajaribu tena, inashindwa tena, inaandika ro-oti tena.

Chanzo chenyewe kinachekesha. Diski ya nje ya akiba ilikuwa imeandikwa kwenye fstab, faili yenye orodha ya diski za kufungua mashine ikiwaka, bila neno `nofail`, linalosema diski ikikosekana endelea. Karani alikuwa ameichomoa apate pa kuchajia simu. Usiku umeme ukakatika, ukarudi, seva, yaani hiyo mashine, ikawaka, ikamsubiri yule diski sekunde 90, hakutokea, ikakataa kuendelea na safari. Mtandao haujawashwa, SSH, njia yangu ya kuingia kwa mbali, haijawashwa, na mimi niko Mbagala.

Nilipanda basi siku hiyohiyo. Daraja la Mkapa, Nangurukuru, Mingoyo, Ndanda, kutwa nzima magoti yakiwa kidevuni. Nilipofika jua linazama, nikawasha mashine, kwenye GRUB, programu inayoipakia Linux, nikabonyeza e, nikaongeza `init=/bin/bash` mwishoni mwa mstari ili iniingize bila neno la siri, nikaifanya diski iandikike, nikatia `nofail`, nikampa root neno la siri. Dakika sita. Wakulima walikuwa wamepimiwa mzigo wao kwa daftari kutwa, na karani akakesha akiingiza uzito wa gunia kwa gunia, maana kwenye stakabadhi ghalani tarakimu isiyoingia leo ni ugomvi wa kesho. Dakika sita kwa safari ya zaidi ya kilomita 500. Usiku ule, nimelala gesti ya pale stendi, nikaamua kwamba macho ya Babu nimeyaazima vya kutosha.

Najua mtasema, kwani seva haina kadi yake ya kuisimamia kwa mbali? Seva halisi inayo. Hii ni Dell OptiPlex ya mtumba, kompyuta ya mezani iliyopewa cheo. Lakini nyuma yake, pale chini ya poti za USB, kuna kitu ambacho mafundi wengi wa rika langu wanakipita bila kukisalimu: poti ya seriali, yenye umbo la D na pini tisa.

Poti hii ni mzee kuliko wazazi wetu. Kanuni yake, RS-232, ilitolewa Marekani mwaka 1960, enzi za mashine za teleprinta zilizokuwa zinachapa kwa karatasi. Hadi leo Linux ikiandika tty inazitaja hizo, teletype, ingawa mwenyewe hujaiona hata moja. Na uzuri wake ndio huo uzee. Kadi ya mtandao inahitaji dreva (programu ya kuiendesha), anwani, huduma ya SSH, na kila kimoja kinaweza kufa. Poti ya seriali, kerneli, yaani kiini cha Linux, inaijua dakika ya kwanza inapofumbua macho. GRUB inaijua kabla hata kerneli haijapakiwa. Ukiwa na mtu ameketi upande wa pili wa waya huo, anaona kila kitu kile ambacho Babu alikuwa anakisoma kwa tochi.

Na waya wenyewe ni nyaya tatu tu. Pini ya 2 inapokea, ya 3 inatuma, ya 5 ni ya pamoja. Kinachotakiwa ni kutuma kwa huku kuingie kwenye kupokea kwa kule, na kinyume chake. Kebo iliyonyooka moja kwa moja ni bubu, maana pande zote mbili zinapiga kelele kwenye waya uleule na hakuna anayesikiliza. Nilinunua iliyonyooka kwanza, bila shaka.

Mpango wangu ulikuwa kuweka Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bodi moja, pembeni ya seva, iwe ndiyo mtu aliyeketi pale. Hapo nikafanya kosa ambalo nalitaja hadharani ili lisaidie mtu. Raspberry Pi ina pini zake za seriali, ya 14 na ya 15 kwa hesabu ya GPIO (pini za Pi za kuunganishia vifaa), na zinaongea lugha ileile ya tarakimu. Zinaongea ileile, ila kwa sauti nyingine. Zile pini ni za volti 3.3. Seriali ya kizamani inatuma volti chanya na hasi, na hasi yake inaweza kufika kumi na zaidi. Niliunganisha moja kwa moja, mezani kwangu, saa nne usiku, nimeshiba ugali. Hakukuwa na moshi wala harufu. Pini ikafa kimya, na tangu siku hiyo Pi ile haisikii chochote upande huo. Inahitajika chipu ya kati ya kubadilisha volti kama MAX3232, au uachane na zile pini ununue adapta ya USB kwenda seriali.

Nikaenda Kariakoo, mtaa wa Aggrey, kununua adapta. Muuzaji ana za aina mbili, ya bei na ya "bei poa", na zote zimeandikwa jina moja kwenye kava. Chipu za kughushi kwenye hizi adapta zina historia: mwaka 2014 kampuni ya FTDI, inayotengeneza chipu hizo, ilitoa dreva ya Windows iliyokuwa inafuta utambulisho wa chipu zilizoigizwa, watu wakaamka adapta zao ni vipande vya plastiki. Kwenye Linux nyingi zinafanya kazi vizuri tu. Nilichukua zote mbili. Ile ya bei poa inatema herufi za ajabu ukizidisha mwendo, nikampa mdogo wangu anayejifunza Arduino.

Upande wa seva kazi ni ndogo. Kwenye /etc/default/grub niliandika hivi, kisha nikaendesha update-grub:

GRUB_CMDLINE_LINUX="console=tty0 console=ttyS0,115200n8"
GRUB_TERMINAL="console serial"
GRUB_SERIAL_COMMAND="serial --unit=0 --speed=115200"

Mstari wa kwanza utulie nao. Konsoli, yaani mahali mashine inapoandikia na kusikilizia, ziko mbili, na utaratibu wake si wa mapambo. Kerneli itaandika kwenye zote, lakini ile ya mwisho ndiyo inayokuwa /dev/console, yaani ndipo programu za mwanzo zinapozungumzia na ndipo zinaposubiri jibu. Niliweka seriali mwisho kwa makusudi. Matokeo yake siku mbili baadaye Babu akanipigia analalamika kwamba tivii yake, yaani kioo cha seva, imekuwa mvivu, inaandika kidogo halafu inanyamaza mpaka kwenye jina na neno la siri. Nilimwambia maneno yamehamia kwenye waya. Hakufurahi. Nadhani alikuwa ameshazoea kuwa ndiye msomaji.

Ile 115200 ni mwendo. Kila herufi inabeba biti kumi ukihesabu ya kuanzia na ya kumalizia, kwa hiyo unapata herufi 11,520 kwa sekunde. Vifaa vingi vya mtandao bado vinakuja vikiwa 9600, ambayo ni herufi 960, na hapo kujaza skrini moja ya mistari 24 kunachukua sekunde mbili nzima. Unaona maandishi yanashuka kama mtu anachapa. Kuna siku nayapenda yale ya polepole.

Kitu kingine hakuna cha kufanya: Debian yenye systemd, programu inayoanzisha huduma, ikiona ttyS0 kwenye mstari wa kerneli inaweka yenyewe mlango wa kuingilia hapo. BIOS ya mashine hii, programu ya kwanza kabisa kuamka, haijui seriali kabisa, kwa hiyo naanza kuona kuanzia GRUB. Nilichofanya BIOS nikiwa palepale ni kuhakikisha kwamba umeme ukirudi inawaka yenyewe. Hilo nalo nilikuwa nimelisahau, nikarudi tena kutoka getini.

Jaribio la kwanza: minicom, programu ya kuongea na poti ya seriali, kwenye Pi, seva ikawashwa, maandishi yakaja, mazuri, meupe kwenye weusi, mpaka neno login. Nikaandika jina langu. Hakuna. Nikabonyeza Enter mara ishirini. Hakuna. Nilikuwa nasoma lakini siandiki, kama mtoto aliyefungiwa dirishani anaangalia wenzake wanacheza. Saa nzima nilikagua kebo, nikafungua vichwa vyake, nikapima nyaya kwa mita. Kebo nzima. Kumbe minicom kwa kawaida yake inasubiri ruhusa ya upande wa pili kupitia waya mwingine kabla haijatuma, na mimi nina nyaya tatu tu, huo wa ruhusa haupo. Unaingia kwenye mipangilio, unazima udhibiti wa mtiririko wa maunzi, unaandika. Saa nzima.

Sasa njia ya kutoka Masasi hadi Mbagala. Seva inatumia ruta ya ofisi. Pi nikaipa modemu yake ya USB na laini ya kampuni nyingine ya simu, kwa sababu konsoli inayopita kwenye mtandao uleule uliokufa ni sawa na kuweka funguo za akiba ndani ya nyumba. Laini za simu hazikupi anwani ya intaneti inayofikika kutoka nje, unakuwa nyuma ya ukuta na maelfu ya wenzako. Kwa hiyo Pi ndiyo inayopiga simu: inafungua SSH kwenda kwenye seva ndogo ninayokodi nje ya nchi, na kuacha handaki la kurudi nyuma, njia ninayoipitia kuifikia Pi. Huduma ya systemd inalifufua handaki likikatika. Mtego uko upande wa ile seva ya kukodi: laini ikifa ghafla, yule wa kule hajui kama mwenzake amekufa, anaendelea kushikilia poti ya mtandao, na handaki jipya linakataliwa kwa sababu nafasi "ina mtu". Mpaka uweke ClientAliveInterval kule, iwe inauliza kama mwenzake yupo, na ExitOnForwardFailure huku, Pi ikate na kuanza upya handaki likikataliwa. Na ufunguo wa Pi kule umefungwa usiweze kingine chochote zaidi ya kufungua handaki hilo moja. Anayeishika konsoli ameishika mashine.

Chakula cha Pi ni betri ya pikipiki, ya volti 12, pamoja na kipunguza volti cha kuishusha hadi 5, na chaja inayoijaza umeme ukiwepo. Bodaboda wa pale kijiweni ndiye aliyeniuzia, akauliza kama ninajenga redio.

Nikarudi Dar na furaha zangu. Wiki moja baadaye umeme ukakatika kwa muda mrefu, Pi ikazima na kuwaka, handaki likaja lenyewe, nikafungua konsoli nipige picha niwaringie watu. Nikaandika jina langu. Ikanijibu ERROR. Nikabonyeza Enter, kimya. Nikaandika root. ERROR. Nikaandika tusi dogo la Kiswahili. ERROR.

Ilinichukua chai mbili kuelewa nilikuwa naongea na nani. Modemu ya simu nayo, ikichomekwa, inajitokeza kwenye Linux kama poti za seriali, ttyUSB0, 1 na 2. Adapta yangu inachukua inayobaki. Nani anapewa namba gani inategemea nani kaamka kwanza, na baada ya kuzima na kuwaka walikuwa wamepishana. Nilikuwa namtumia modemu majina na maneno ya siri, naye anasubiri amri zake zinazoanza na herufi AT, kwa hiyo kila kitu kwake ni kosa. Dawa ni kutotumia hizo namba kabisa. Chini ya /dev/serial/by-id/ kila kifaa kina jina linalotokana na utambulisho wake mwenyewe, hata kikiamka cha mwisho. Nikabadilisha hapo na sijaongea na modemu tena.

Baadaye niliacha minicom nikaweka conserver, kwa sababu inaandika kila herufi inayopita kwenye waya hata kama hakuna anayetazama. Seva ikianguka, maneno yake ya mwisho hayafiki kwenye diski yake yenyewe, ila yanafika kwenye waya. Kadogo kengine: seriali haijui dirisha lako lina ukubwa gani, kwa hiyo ukifungua faili ndefu mistari inalaliana. `stty rows 40 cols 120` na maisha yanaendelea.

Novemba ikawa karibu na mwisho, mnada Ijumaa, mimi Jumanne saa tano usiku naosha vyombo. Ujumbe ukaingia: seva ya Masasi haijibu. Nikafuta mikono, nikaingia kupitia Pi. SSH ilikuwa imekufa lakini waya ulikuwa unaongea, tena mfululizo: ata1 (njia ya diski) hivi, ata1 vile, kerneli inalalamika kwamba diski haisomi. Nikaandika jina, ikachukua jina, haikuniuliza neno la siri. Ilikuwa imeganda ikiisubiri diski.

Kwa hali hiyo kuna mlango wa chini kabisa. Unatuma ishara ya breki kwenye waya, na ndani ya sekunde tano unatuma herufi moja, kerneli yenyewe inaisikia hata kama programu zote zimelala. Debian kwangu ilikuwa imeruhusu baadhi tu, tarakimu yake ni 438, na ndani yake zimo nilizozitaka. Breki, s, ihifadhi ilichoweza. Breki, u, ifunge diski zisiandikwe. Breki, b. Ikajizima na kuwaka.

Nikaisubiri GRUB. Ikaja. Kerneli ikaja. Halafu ikasimama: mfumo wa faili una kasoro, unahitaji fsck, amri ya kuukagua na kuurekebisha, kwa mkono, na chini yake maneno (initramfs), yaani mfumo mdogo wa kuanzia, na alama ya kusubiri. Mahali pale ni mapema mno, hakuna neno la siri, hakuna root, kuna vifaa vichache tu mkononi. Na panasubiri kwenye ile konsoli ya mwisho, ile niliyoipanga mwisho. Ningekuwa nimeandika utaratibu kinyume, alama ile ingekuwa inawaka kwenye tivii ya Babu na mimi ningekuwa naangalia waya mtupu.

Simu ikaita hapohapo. Babu.

"Mjukuu, tivii imenyamaza."

"Naiona, Babu. Niko ndani."

"Ndani wapi?"

"Ndani ya mashine."

Akakaa kimya kidogo. Nikaandika fsck /dev/sda2, ikaanza kuuliza, nami kuijibu y, y, y, kila y ikisafiri hadi nje ya nchi na kurudi Masasi kabla sijaiona kwenye kioo. Babu alibaki kwenye simu muda wote, nadhani kwa bando la usiku, akinitajia taa gani inawaka nyekundu na ipi ya kijani, ingawa sikumwuliza. Nikaandika exit. Mistari ikaanza kushuka. Database ikaamka. Login.

"Imeandika," Babu akasema. "Logini."

"Ndiyo hiyo."

"Kwa hiyo huji?"

Nilikuwa nimeshasoma hali ya diski wakati anauliza. Sekta mbovu zinahesabika kwa mamia na zinaongezeka. Waya unaweza kuniingiza ndani ya mashine, ila haushiki bisibisi. Nilinakili data usiku uleule, nikamwambia karani asubuhi aendelee na kazi lakini asizime kitu, na diski mpya nimeinunua jana, iko kwenye begi hapa miguuni kwangu, naandika haya tukiwa tumesimama Nangurukuru watu wanachimba dawa.

"Nakuja Alhamisi, Babu."

"Ahaa," akasema. "Basi korosho nitazikaanga Alhamisi."